Taa ya Dashibodi ni Mlinzi wa Zamu

Jambo la kwanza analofundishwa kuruti ni kumheshimu mlinzi wa zamu. Mlinzi akipaza sauti usiku, hata kamanda husimama na kujitambulisha. Hakuna amwambiaye anyamaze kwa sababu sauti yake inawasumbua waliolala. La kusikitisha ni kwamba heshima hiyo hatumpi mlinzi mwingine tuliye naye kila siku, yaani zile taa ndogo nyekundu na za manjano katika dashibodi ya gari.

Miaka michache iliyopita nilisafiri kutoka Kabale kwenda Kisoro katika gari la kazi lililochukua askari saba. Nilikaa mbele, nikaona kipande cha plasta nyeusi kimebandikwa kwenye dashibodi. Nilipomwuliza dereva, alijibu kwa adabu: "Afande, ni taa ya breki. Inawaka tangu juzi. Nimeripoti mara mbili, nikaambiwa gari lazima liende." Tulicheka, tukaendelea na safari. Katika mteremko mmoja pedali ya breki ilizama karibu na sakafu, na nguvu iliyobaki haikutosha kulisimamisha gari. Dereva yule, kwa ustadi wake, aliingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Askari mmoja alivunjika mguu. Fundi alipofika alikuta paipu ya mpira ya gurudumu la nyuma inavuja, na chombo cha mafuta ya breki kimekaribia kuwa kitupu. Mlinzi alikuwa amesema kweli kwa siku tatu. Sisi ndio tuliomfunga mdomo. Nami sijitoi katika lawama hiyo, kwani nilikuwa mkubwa wa cheo ndani ya gari lile, nikacheka.

Basi ni vyema tuelewe mlinzi huyu husema nini. Taa nyekundu ya breki ikiwaka, kwanza tazama kama breki ya mkono imeachiliwa yote. Ikiwa imeachiliwa na taa bado inawaka, simama mahali salama, ufungue boneti, utazame kiwango cha mafuta ya breki. Mafuta hayo hayapungui bure: ama padi zimekwisha, ama yanavuja mahali fulani. Kuyaongeza bila kutafuta sababu ni kumpa mgonjwa maji bila kumtazama jeraha. Na ole wake atakayetia mafuta ya injini katika chombo hicho, maana mafuta ya injini huharibu mipira yote ya breki. Tukumbuke pia kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishaingiwa na unyevu yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140 hivi. Yakichemka katika mteremko mrefu, pedali huwa laini kama sifongo. Ndiyo sababu mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Taa ya manjano yenye herufi ABS ina habari nyingine. Mtambo huo, uliowekwa katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, huzuia magurudumu yasigande dereva akandamizapo breki kwa ghafla. Taa yake ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila msaada umeondoka. Mara nyingi kosa liko katika kifaa kidogo kinachopima mwendo wa gurudumu, ambacho mafundi hukiita sensa: matope yamekiziba, au waya wake umekatwa na mawe. Wakati mwingine ni fyuzi iliyoungua au betri dhaifu. Lakini taa hiyo ikiwaka pamoja na ile nyekundu, huku mafuta yamejaa na breki ya mkono imeachiliwa, usiendelee. Huenda mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma umeharibika, na magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kwanza na kuligeuza gari.

Taa ya tatu huonyesha picha ya gari linaloteleza. Ikimetameta kwa muda mfupi, mtambo unafanya kazi yake ya kulishika gari barabarani; punguza mwendo. Ikiwaka bila kuzima, ama kuna aliyeuzima mtambo kwa kitufe, ama kuna kosa. Chunguza kama tairi ni za ukubwa mmoja, kwani tukichanganya tairi kuukuu za kila namna mtambo huweza kudanganyika. Swichi ya pedali ya breki ikiharibika, au betri ikiwa ilitolewa na kifaa kinachopima mzunguko wa usukani hakikurekebishwa upya, taa hiyo huweza kuwaka vilevile.

Wako watakaosema hayo ni anasa ya magari ya raia. Si kweli. Mwaka 1997 huko Sweden gari aina ya A-Class, fupi lakini lenye kimo, lilipinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, na baada ya hapo kampuni iliamua kuweka mtambo huu katika kila gari la aina hiyo. Na magari yetu je? Ni marefu kwa kimo, yamebeba watu nyuma, na hupita katika vumbi na utelezi.

Wako pia watakaosema kwamba operesheni haingoji taa. Ni kweli kwamba vita havingoji. Lakini safari nyingi tuendazo si vita. Ni kupeleka chakula, mishahara, au askari wa likizo. Kamanda anayelitoa gari lenye taa nyekundu kwa safari kama hiyo hajaonyesha ushujaa, amecheza kamari kwa roho za watu wengine.

Kwa hiyo natoa rai hii. Kila asubuhi dereva afungue swichi kabla ya kuwasha injini, ahesabu taa zake kama sajini anavyohesabu kikosi chake. Zote hazina budi kuwaka, kisha za ABS na za mtambo wa kuteleza zizime baada ya sekunde chache, na ile nyekundu izime breki ya mkono iachiliwapo. Isiyowaka kabisa ni mtoro, atafutwe. Taarifa ya dereva iandikwe katika kitabu cha gari, na mkubwa atakayeamuru gari litoke hivyo hivyo atie sahihi yake chini ya taarifa hiyo. Naamini sahihi hiyo itaokoa miguu mingi kuliko plasta nyeusi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva aripotiye kosa si mvivu wala mwoga. Ametimiza zamu yake. Sasa ni zamu yetu sisi wenye vyeo kumsikiliza.