Hisa Hazinunuliwi kwa Kusikia

Familia inayotaka kuweka akiba yake katika hisa ina maswali mawili ya kujibu. Je, kampuni hii ina faida? Na je, faida hiyo ni halali? Swali la kwanza huulizwa mno mabarazani. La pili aghalabu huletwa msikitini baada ya fedha kwisha kulipwa.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998, aliyetaka kuijua hali ya kampuni hakuwa na budi kwenda kwa dalali au kungojea tangazo la gazetini. Leo hesabu zilizokaguliwa za kampuni zilizoorodheshwa, Dar es Salaam na Nairobi, zinasomwa bure katika intaneti, na bei pia. Hata hivyo uvumi ungali unauza hisa. Mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya, wako waliokopa benki ili wanunue. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikwisha shuka chini ya hiyo 5. Waliosubiri miaka mingi walipata. Aliyekopa kwa riba hakuwa na miaka ya kusubiri.

Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat yatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifuata. Hatuoni kwa nini amri hiyo isiihusu habari iletwayo na kundi la WhatsApp.

Bia, sigara na benki za riba hazihitaji hesabu; zimo katika masoko yetu na hukumu yake yajulikana. Penye uzito ni kampuni ya saruji au ya simu, ambayo biashara yake ni halali lakini hukopa kwa riba na kuweka fedha zake benki. Hapa maulamaa wamehitilafiana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, iliamua kuwa asili ya kushiriki katika kampuni ya namna hiyo ni haramu. AAOIFI, taasisi ya viwango yenye makao Bahrain, imeruhusu kwa masharti: madeni ya riba yasizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na kipato cha haramu kisizidi asilimia 5 ya mapato yote. Ipi ifuatwe, na aulizwe sheikh. Lakini tarakimu hatazitafuta sheikh. Hiyo ni kazi ya mwenye fedha.

Nazo hazijafichwa sana. Madeni yamo katika mizania. Thamani ya kampuni sokoni ni bei ya hisa mara idadi ya hisa zote. Kipato cha riba ndicho chenye kusumbua, kwani mara nyingi hakionekani katika kurasa za mwanzo zenye picha za wakurugenzi, bali katika maelezo ya mwishoni, kwa herufi ndogo. Tuseme kipato hicho ni shilingi bilioni 2, na hisa zote ni milioni 500. Kila hisa imebeba shilingi 4 za riba. Mwenye hisa 1,000 atatoa shilingi 4,000 kuwapa mafakiri, kwa nia ya kujitakasa, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka.

Zipo pia programu za simu zitoazo hukumu ya halali na haramu kwa rangi. Zimetengenezwa zaidi kwa masoko ya Marekani na Ulaya, na mbili zaweza kutofautiana juu ya kampuni moja. Rangi ya kijani si fatwa. Wala bei iliyoandikwa si fedha mkononi: katika masoko yetu hisa nyingine hupitisha siku nzima bila kupata mnunuzi. Na penye huduma ya bure hapakosi tangazo la mtu anayeahidi kuzidisha fedha kwa wiki moja. Huyo apitwe tu.

Haya yamhusu zaidi wasii aliyeshika mali ya mayatima. Yeye hatumii fedha yake. Kabla hajanunua hata hisa moja, aichapishe ripoti ya mwaka ya kampuni, apige mstari chini ya madeni na kipato cha riba, aandike tarehe na jina la sheikh aliyemuuliza, kisha aiweke karatasi hiyo pamoja na wasia, ili mayatima wakibaleghe waisome wenyewe.