Bangi ya Colorado na mkopo wa mwalimu



Naomba nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sasa limefika hata huku vijijini, nalo ni biashara ya bangi halali ya Marekani. Kwanza ieleweke wazi kwamba siandiki kuitetea bangi. Hapa kwetu ni kosa la jinai, na mimi ni mwalimu wa watoto. Naandika kwa sababu mdogo wangu anayeishi Denver, jimbo la Colorado, amenitaka nikope shilingi milioni sita katika chama chetu cha akiba na mikopo nimpelekee, ili tuingie ubia na rafiki yake mwenye duka la bangi. Anadai kuwa fedha hizo zitazaa mara tatu katika miaka miwili. Sidhani kama ni yeye peke yake anayewaandikia ndugu zake maneno ya namna hiyo.

Mengi aliyoniandikia ni kweli. Wananchi wa Colorado walipiga kura Novemba 2012 kuhalalisha bangi kwa watu wazima, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mwaka huo wa kwanza mauzo yalikuwa kiasi cha dola milioni 683. Mwaka 2021 yalipita dola bilioni 2.2. Ndugu yangu anaishia hapo. Mimi nimesoma mbele kidogo, nikakuta kwamba mwaka 2023 mauzo yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha dola bilioni 1.5.

Sisi wa Kagera hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza mambo haya. Nilipokuwa shule ya msingi, bei ya vanila ilipanda mno kwa sababu tufani ziliharibu mashamba ya Madagaska. Kila mtu akataka miche. Baba yangu naye alipanda vanila kibanjani, akajifunza kuchavusha ua moja moja kwa kijiti. Mmea ule huchukua kama miaka mitatu kuzaa. Wa kwetu ulipoanza kuzaa, ilikuwa mwaka 2005, na bei ilikuwa imekwisha anguka. Waliopata fedha ni wale waliotangulia, pamoja na waliouza miche.

Colorado ni hivyo hivyo, tena kwa ubaya zaidi, maana vanila tuliweza angalau kuiuza nje. Bangi ya Colorado hairuhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo, kwa kuwa katika sheria ya Marekani nzima ilibaki kuwa haramu hata baada ya majimbo kuihalalisha. Wakulima wengi wakalima, na mavuno yote yakabaki ndani ya jimbo moja. Mwanzoni mwa 2021 ratili moja ya maua ya bangi ilikuwa na bei ya jumla ya zaidi ya dola 1,700. Kabla mwaka 2022 haujakwisha ilikuwa chini ya dola 700. Wakati huo huo jirani zao wa New Mexico walifungua maduka yao Aprili 2022, na wateja waliozoea kuvuka mpaka wakapata ya kwao nyumbani.

Hapa naomba nijitenge kidogo na mambo ya mtaji, kwa sababu kama mwalimu jambo hili limenigusa. Wananchi wa Colorado waliahidiwa katika katiba ya jimbo lao kwamba dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa bangi kila mwaka zitajenga shule. Ushuru huo ni asilimia 15 ya bei ya jumla. Basi tufanye hesabu kama ya darasa la saba: bei ikiwa dola 1,700, shule hupata dola 255 kwa kila ratili, bei ikishuka hadi 700, hupata dola 105. Bangi ni ile ile na wavutaji ni wale wale, lakini fedha ya madarasa imepungua kwa zaidi ya nusu. Serikali iliyotaka kujenga shule ikawa haina budi kuiombea bangi bei nzuri.

Turudi kwa mwenye mtaji. Mwaka 1981 muuza dawa za kulevya mmoja alishinda kesi ya kodi, akaruhusiwa kukata gharama za biashara yake kama muuza duka yeyote. Bunge la Marekani lilikasirika, na mwaka 1982 likatunga sheria ya kumzuia mtu wa aina hiyo asikate gharama hizo. Miaka zaidi ya 30 baadaye sheria hiyo iliwaangukia wenye maduka halali ya Colorado. Kodi ya nyumba na mishahara ya wauzaji haikukatwa, wakatozwa kodi ya mapato hata pale ambapo mfukoni hamkubaki kitu. Benki nyingi ziliwakwepa, na mahakama za ufilisi ziliwafungia mlango. Je, duka la rafiki yake likifa, mimi nitadai wapi milioni zangu sita? Chama cha akiba na mikopo kitanikata mshahara bila kuuliza habari za Denver.

Tena mwanzoni mtu asiye mkazi wa Colorado hakuruhusiwa kumiliki biashara hiyo. Mwaka 2019 jimbo liliufungua mlango zaidi kwa wenye mtaji wa nje na makampuni makubwa yanayouza hisa hadharani. Bei ilipoanguka, hao walikuwa na kifua cha kuvumilia hasara. Mwenye duka dogo ndiye anayetafuta sasa shilingi za mwalimu wa Muleba, na kwangu hiyo ni dalili tosha.

Lakini fedha siyo inayoniumiza zaidi. Mdogo wangu bado hajapata uraia wa kule. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mgeni anayejishughulisha na bangi, hata kwa kibarua tu katika jimbo lililoihalalisha, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema na kunyimwa uraia. Mzawa akiuza bangi Denver ni mfanyabiashara mwenye leseni. Mgeni akifanya hivyo anaweza kupoteza yote aliyoyahangaikia.

Nimemjibu kwamba sitakopa, na kwamba kabla hajaweka hata senti yake mwenyewe amwone mwanasheria wa mambo ya uhamiaji. Mama hajui lolote juu ya habari hii. Anajua tu kwamba mwanawe anangojea karatasi zake, na kila Jumapili huniuliza kama zimetoka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.