Maneno ya Mpirani Hayaharibu Kiswahili

Kuna imani imeota mizizi mashuleni na maofisini, huku kwetu Kasulu na Kibondo kama kwingineko: kwamba maneno ya mpirani yanaharibu Kiswahili. Mwanafunzi akiandika kwenye insha kuwa mdaiwa "alimpiga chenga" mdai wake, anapigiwa mstari mwekundu. Eti hayo ni ya vijiweni. Imani hiyo ni potofu, tena inamnyang'anya mnyonge silaha.

Kiswahili hakikuanza jana kuokota maneno michezoni. Mwanasiasa hucheza karata yake ya mwisho, au hutupa kete, na hakuna mwalimu anayekemea. Tena mkopo huenda pande zote mbili. Watangazaji wa mpira husema "ngwe ya pili", na ngwe ni kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime. Mkulima alikuwa na neno hilo kabla ya redio.

Tazama danadana. Uwanjani ni kuurusharusha mpira kwa mguu usiguse chini. Sasa mtu ameuza magunia ya maharage kwa mali kauli. Akifuata pesa, leo bosi kasafiri, kesho mhasibu hayupo, njoo Jumatatu. Akisema, "Mnanipiga danadana," ameshitaki: ametaja makusudi na ametaja mkosaji. "Ucheleweshaji wa malipo", msemo wa barua za ofisini, haumtaji mtu yeyote. Wengi wetu huku nyumbani tunaongea Kiha, na Kiswahili cha kaunta hututoa jasho. Lakini rafu kila mtu anaijua, kwa kuwa sheria za mpira ndizo sheria pekee ambazo wengi tumeziona zikitekelezwa hadharani.

Mwaka 2015 Nape Nnauye, wakati huo Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda uchaguzi hata kwa goli la mkono. Hakuna aliyehitaji kamusi. Goli la mkono la Maradona dhidi ya Uingereza mwaka 1986 refa alilikubali, na dunia nzima inajua halikuwa halali. Ndiyo maana mpaka leo wanaolalamikia matokeo ya uchaguzi huirudisha kauli hiyohiyo kwa wenyewe.

Mwalimu, mfundishe mtoto kuandika barua rasmi, ni haki yake. Ila usimwambie kwamba lugha ambayo baba yake anadaia pesa za maharage ni ya wahuni.