Bastola ya shabaha ni kama daluga

Tangu Yusuf Dikeç wa Uturuki abebe medali ya fedha Olimpiki ya Paris 2024 huku mkono mmoja uko mfukoni, kila kijiwe cha soka hapa Sepuka kina mtaalamu wa shabaha. "Jamaa hana hata miwani maalumu!" Sawa, ila bastola yake si ya kuokota.

Wadau, mchezo wenyewe ni mita 10, risasi ya upepo ya milimita 4.5, na duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Darubini hairuhusiwi. Unalinganisha kilengeo cha mbele na cha nyuma kwa jicho lako, basi. Ndiyo maana mpini ukae mkononi kwanza, bei baadaye. Daluga za bei mbaya zikikubana, penalti inaenda jukwaani. Uzito mwisho ni kilo 1.5, lakini mchujo una mapigo 60. Mimi ningeshika nyepesi.

Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Sasa kijana wa Sepuka akitaka kujaribu shabaha, aende wapi? Uwanja wa mpira angalau anaujua.