Haradali ipi kwa chakula kipi?

Haradali ya njano, laini na yenye siki, huliwa na soseji au mkate. Ndiyo watoto wengi huizoea kwanza. Ya Dijon, yenye asili ya Ufaransa, ni kali zaidi: kijiko kidogo kikichanganywa na mafuta na ndimu hunogesha saladi. Yenye mbegu nzima hufaa viazi vya kuchemsha. Moto hupunguza ukali, hivyo huongezwa chakula kikishaiva.

Yenye asali hupendeza kwa kuku wa kuoka, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe. Asali inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa hatari. Haradali yoyote pia huweza kuleta mzio: mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida, awahishwe hospitali.