Nani Ataandika Michezo ya Wanachuo?

Kijana wa Mvita au Lamu anapokwenda kusoma Nairobi, wazazi wake hawamwoni akicheza. Zamani gazeti ndilo lililowafikishia habari: mistari mitatu chini ya ukurasa wa michezo, na jina lake limo. Leo mistari hiyo ni adimu.

Husemwa kwamba habari zimehamia kwenye simu, basi hapana kilichopotea. Mimi sikubali. Tazama Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Iliundwa mwaka 1977, na mwaka huo huo ikatwaa Kombe la Kenya mbele ya klabu za watu wazima. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, imeweka magazeti ya miaka mingi. Nimepata kukaa pale baada ya sala ya Ijumaa, nikifunua kurasa zilizogeuka manjano. Je, mjukuu wa mchezaji wa leo atafunua nini?

Sababu yenyewe ni fedha. Matangazo yamekimbilia kwenye simu. Kenya Times lilifungwa mwaka 2010, na mwaka 2020 kampuni ya Nation, pale Barabara ya Kimathi, ilipunguza wafanyakazi. Mhariri aliyebakiwa na waandishi wachache humpeleka mmoja Kasarani kwenye ligi kuu. Nani basi atapanda matatu kwenda Ngong Road au Lower Kabete kutazama wanachuo, tena wasichana wa mpira wa magongo?

Vyuo navyo vimeanza kujiandikia. Wakishinda, picha tele, wakifungwa, kimya. Na mchezaji aliyevunjika mguu uwanjani pasipo daktari, habari yake ataiandika nani? Chuo chenyewe? Hata mbele ya kadhi, mdai hawi shahidi wa nafsi yake. Mwandishi wa gazeti, pamoja na makosa yake (na majina yetu ya pwani aliyaharibu sana!), alikuwa mtu wa nje.

Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha uandishi wa habari tangu mwaka 1970. Wanafunzi hao wapelekwe kwenye mechi za vyuo vya wenzao, si chao, na magazeti yawape nusu safu kila Jumatatu: matokeo, wafungaji na walioumia.