Picha za kimachinga

Wafaransa wana msemo wao, à la sauvette. Husemwa juu ya mchuuzi asiye na kibali: bidhaa ametandaza chini, jicho moja liko kwa mteja, jingine liko kwenye kona ambako polisi wanaweza kuchomoza wakati wowote. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alipotoa kitabu chake maarufu mwaka 1952, msemo huo aliuweka kwenye jalada: Images à la sauvette. Kwa Kiswahili cha Kariakoo, hizo ni picha za kimachinga.

Toleo la Kiingereza lilipewa jina jingine kabisa, lenye maana ya sekunde ya uamuzi, na hilo ndilo lililozunguka dunia. Tangu hapo wapiga picha wa mitaani wamefundishwa kuwinda kilele: mpira uko hewani, mtoto yuko katikati ya kuruka dimbwi, njiwa wamefumuka wote kwa pamoja. Nyingi ya picha hizo ni safi, na nyingi zinachosha. Mtu anaitazama, anasema "duh", kidole kinasukuma kioo cha simu, na baada ya dakika mbili hakumbuki alichokiona.

Ajabu ni kwamba picha inayotajwa kila siku kuwa mfano wa kilele hicho ina dalili zote za umachinga. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris, Cartier-Bresson aliingiza lenzi ya kamera yake ndogo, Leica, kwenye uwazi kati ya mbao za uzio. Uwazi wenyewe ulikuwa finyu. Lenzi ilipita, jicho halikupata nafasi ya kuona vizuri. Ubao ukaziba upande mmoja wa picha, ikabidi sehemu hiyo ikatwe baadaye, na yeye alikuwa mtu asiyependa kabisa kukata picha zake.

Ndani yake yumo bwana mmoja anayevuka eneo lililojaa maji. Kisigino chake kimebakiza upana wa kidole kugusa maji, na taswira yake imekuja kukipokea kutoka chini. Ngazi aliyoikanyaga imelala majini nyuma yake. Hiyo peke yake ingetosha kuwa picha nzuri ya mtu anayeruka. Lakini anayekaa nayo ataona mbali ukutani bango lenye mchezaji dansi aliyeruka vilevile, ila ameelekea upande wa pili. Mchezaji anaruka kwa madaha. Bwana huyu anaruka kwa sababu hana namna, na viatu vitalowa.

Mvuto uko hapo, wala hauko kwenye kuruka. Vitu viwili visivyojuana vimekutwa ndani ya fremu moja, vimeanza kusemezana, na mpigaji hakupata muda wa kuvipanga.

Mfano wa kinyume ni busu la Robert Doisneau, lililopigwa mwaka 1950 mbele ya jengo la halmashauri ya jiji la Paris kwa ajili ya jarida la Life. Mabango yake yametundikwa kwenye vyumba vya wanafunzi na kuta za mikahawa karibu kila bara. Miaka ya 1990, baada ya kesi mahakamani, ikathibitika kwamba wapenzi wale walikuwa waigizaji chipukizi, wakabusiana kwa kuombwa. Soko halikujali; mwaka 2005 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya euro 150,000. Hata hivyo, ukijua siri hiyo, macho yanawahama wapenzi na kwenda kwa mwanamume mwenye bereti anayepita nyuma yao, uso mkavu, ana safari yake. Yeye hakuombwa chochote, na picha iliyobaki ni yake.

Mitaa ya Waswahili haina uhaba wa mikutano ya namna hiyo. Kariakoo asubuhi, mkokoteni unapita umebeba kabati jipya lenye kioo mlangoni, na ndani ya kioo zinapita nyaya za umeme, nusu ya daladala, uso wa muuza mihogo ukiwa kichwa chini miguu juu kwa jinsi kabati lilivyolazwa. Anayesukuma haoni lolote kati ya hayo. Anatazama mashimo ya barabara. Maandishi nayo yamejaa kila mahali, kwenye vioo vya nyuma vya daladala na matatu, kwenye bodaboda, mgongoni mwa kila aliyejitanda kanga.

Hapo penye maandishi pana mtego. Mwanamke aliyevaa kanga yenye jina la kuchoma akipishana na jirani aliyenuna ni picha inayojipiga yenyewe, na kwa sababu hiyo huisha upesi kama kikaragosi cha gazetini. Maneno yakishafanya kazi yote, jicho halina cha kutafuta. Afadhali kanga ambayo mkunjo umemeza nusu ya jina.

Garry Winogrand wa New York alikuwa na dawa ya kutodanganywa na furaha ya kupiga. Mikanda yake aliiacha mwaka mzima au zaidi kabla ya kuisafisha, ili asahau alikuwa na hisia gani siku ile na aitazame picha kama ya mtu mwingine. Alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa. Huo ni uchizi kidogo, tuseme ukweli. Lakini hata nusu saa ingewasaidia wengi wanaorusha picha mtandaoni kabla muuza mihogo hajageuza shingo.

Linabaki suala la wizi, maana picha ya kimachinga huchukuliwa bila mwenyewe kujua. Helen Levitt alifunga kwenye Leica yake kioo cha pembeni, akawa anaelekea huku na kupiga kule, watoto wa New York wakaendelea na michezo yao. Walker Evans alificha kamera ndani ya koti kwenye treni za chini ya ardhi za jiji hilohilo kuanzia mwaka 1938, kisha akasubiri hadi 1966 ndipo akatoa kitabu cha nyuso hizo. Anayeomba ruhusa kwanza anapata mtu aliyenyoosha kola na kubana midomo, yaani picha ya pasipoti yenye soko nyuma yake.

Ustaarabu unaofaa mitaa hii ni kupiga, kisha kusogea, kusalimia na kumwonyesha mhusika kioo cha simu. Wengi hucheka na kuomba watumiwe. Akisema "futa", inafutwa palepale mbele ya macho yake, hata kama nyuma ya bega lake mkokoteni ulikuwa ndiyo kwanza umeingia kwenye fremu na kabati lake.